Nimekimbia kipigo nikahifadhiwa na kundi la sarakasi: je, naweza kuolewa humo?

Swali: Assalaam alaykum sheikh. Miezi saba iliyopita nilitoroka usiku baada ya mume wangu kunishikia kisu shingoni. Kipigo kilikuwa cha miaka. Walionipokea ni watu wa sarakasi na ngoma wanaohama mji hadi mji. Bibi mmoja wa kundi alinilaza pamoja na binti zake, nami nawashonea nguo za maonyesho. Sasa mpiga ngoma mmoja ananiposa, na moyo wangu umemridhia. Mume hajanipa talaka. Wenzangu wanasema miezi saba imeshazidi eda, niko huru. Wengine wananiita nashiza. Nini hukumu yangu?

Jibu: Wa alaykumu s-salaam warahmatullahi wabarakatuh. Dada yangu, nianze na hilo neno nashiza, maana naona ndilo linalokuchoma. Nashiza ni mke anayetoka katika utiifu bila udhuru. Kisu shingoni ni udhuru, na kuiokoa nafsi ni wajibu. Fatima binti Qays, sahaba wa Mtume, alikuwa ndani ya eda, yaani muda wa kungoja baada ya kuachwa, na mwenye eda kwa asili hatoki nyumbani. Alipomwambia Mtume (s.a.w.) kwamba anaogopa kuvamiwa, naye Mtume alimwamuru ahame. Imepokewa katika kitabu cha hadithi, Sahihi Muslim. Ikiwa aliyekatazwa kutoka aliamrishwa kuhama kwa sababu ya hofu tu, wewe uliyekwisha kuguswa na makali yenyewe una haki zaidi. Hukulaaniwa, na asikutishe mtu kwa hilo.

Wala si aibu kwamba waliokufungulia mlango ni watu wa njiani. Umm Salama (r.a.), ambaye baadaye alikuwa mke wa Mtume, alitoka Makka na mwanawe mchanga bila maharimu, yaani mwanamume wa jamaa asiyeweza kumuoa. Akakutana na Uthman bin Talha huko Tan'im, nje kidogo ya Makka, ambaye siku hizo hakuwa hata Mwislamu, naye akamsindikiza hadi karibu na Madina. Kila kituo alimpigisha ngamia magoti, akajitenga mpaka ashuke, kisha akaenda kulala chini ya mti wa mbali. Huyo bibi aliyekulaza na binti zake amefanya jambo la namna hiyo. Muombee.

Sasa twende kwenye lenye uzito. Wenzako wamekosea kuhusu eda, na kosa hili limewatia wengi katika ndoa batili. Eda haihesabiwi tangu siku mliyotengana vitanda, wala tangu siku uliyotoroka. Inaanza siku ndoa inapovunjika: mume akitamka talaka, au kadhi akihukumu. Ukikaa miaka kumi bila kumwona, bila talaka wala hukumu, bado ni mke wake. Nikaha juu ya nikaha haifungiki, hata wakihudhuria mashahidi mia.

Basi lazima kifungo hiki kikatwe, na njia ni tatu. Ya kwanza ni talaka yake mwenyewe. Akikuandikia kwa simu, usiufute huo ujumbe, wala usiuamulie peke yako: kwa madhehebu ya Imamu Shafi, maandishi ni kinaya, yaani si tamko la wazi, na yanahitaji nia, kwa hiyo kadhi atamuuliza alikusudia nini. Ya pili ni khului: unajikomboa kwa kurudisha mahari au sehemu yake, kama mke wa sahaba Thabit bin Qays alivyorudisha bustani aliyopewa mahari. Lakini mke wa Thabit alisema wazi kwamba hamlaumu mumewe kwa dini wala tabia. Mume akikudhulumu makusudi ili ujikomboe, mali anayochukua ni haramu kwake. Kwa hiyo usikimbilie kulipa ili upate amani upesi. Ya tatu, na ndiyo naiona inakufaa, ni kupeleka shauri la madhara kwa kadhi. Madhehebu ya Malik ni mapana hapa: madhara yakithibiti, kadhi humwachanisha mke, na mume hana haki ya kumrejea. Katika Shafi, kadhi huanza kwa kumkanya mume na kumweka mke jirani na mtu mwaminifu. Muulize kadhi wako anahukumu kwa kauli ipi, ili ujue ujiandae vipi.

Mashauri mengi ya madhara hukwama kwa kukosa ushahidi, si kwa kukosa haki. Kusanya karatasi za matibabu zenye tarehe, picha za majeraha, ujumbe wa vitisho, na majirani waliosikia au kuona. Bibi aliyekupokea ni shahidi wa hali uliyofika nayo. Usirudi nyumbani peke yako kuchukua cheti cha ndoa. Kadhi aliyefungisha ana daftari lake. Omba msikilizwe bila kukutana uso kwa uso, na hata wale wapatanishi wawili waliotajwa katika Suratu n-Nisaa 35 wanaweza kukusikiliza kando. Na jambo ambalo watu wa maonyesho husahau: picha yako isitokee katika mabango wala video za kundi, na ratiba ya miji isiandikwe pamoja na jina lako.

Baada ya hapo ndipo eda. Kama unaona hedhi, ni quru tatu (al-Baqara 228). Kwa Shafi quru ni tohara, yaani kipindi cha usafi kati ya hedhi na hedhi: ukiachwa ukiwa tohara, hiyo iliyobaki, hata ikiwa siku moja, ni ya kwanza, nawe unatoka edani hedhi ya tatu inapoanza. Ukiachwa ndani ya hedhi, hesabu inaanza na tohara inayofuata. Kwa Hanafi quru ni hedhi tatu kamili, hivyo inarefuka kidogo. Asiyeona hedhi ni miezi mitatu, mjamzito ni mpaka azae. Andika tarehe, usitegemee kumbukumbu.

Huyo mpiga ngoma kwa sasa hana ruhusa ya kukuposa, maana wewe ni mke wa mtu. Pendo lililoingia moyoni halina dhambi ukilizuia lisiwe miadi na faragha. Dhambi iko katika kukaa wawili peke yenu, kushikana, kupeana ahadi. Kadhi anaweza pia kuuliza kama ni yeye aliyekuchochea umkimbie mumeo. Mtume (s.a.w.) amemkana anayemharibu mke kwa mumewe, na wanazuoni wa Maliki hawamruhusu mchochezi amuoe huyo mwanamke. Kwako naona ulikimbia kisu kabla hujamjua, basi sema hivyo wazi. Na mkifunga ndoa ndani ya eda mkaingiliana, Malik anaona mmeharamishiana milele. Wengi hawakubaliani naye, lakini kwa nini mjiweke kwenye ukingo huo wakati subira ni ya miezi michache?

Hukutaja dini yake. Kama si Mwislamu, nikaha haisihi mpaka asilimu kwa dhati.

Eda ikiisha, unahitaji walii, yaani mwenye haki ya kukuozesha: baba, kisha babu mzaa baba, kisha ndugu wa kiume, kwa mpangilio wake. Kiongozi wa kundi hawi walii wako kwa kuwa amekulisha. Walii akikataa bila sababu ya kisheria, au yuko mbali kwa masafa ya kupunguza swala, yaani kilomita themanini na kidogo, kadhi hukuozesha. Kwa kuwa ulishaolewa, idhini yako lazima uitamke kwa ulimi, kunyamaza hakutoshi. Ndugu zako wanaweza kusema mpiga ngoma si kufu yako, yaani si wa hadhi yako, na kweli kwa Shafi kazi inaingia katika kufu. Lakini hiyo ni haki yako na ya walii, na mkiridhia wote ndoa inasihi.

Kushona nguo za maonyesho kwa ujira asili yake ni halali. Wahabeshi walicheza na mikuki msikitini siku ya Idi, na Aisha (r.a.) akatazama akiwa nyuma ya Mtume. Kinachoharamisha ni nguo inayoweka wazi uchi, kamari au uchawi ndani ya onyesho. Vazi la namna hiyo kataa kulishona, uendelee na mengine. Ala za muziki wanazuoni wana mzozo mrefu juu yake, nao unamhusu zaidi yeye anayepiga. Mwambie alete swali lake, atajibiwa. Na mnapohama, adhuhuri, alasiri na isha ni rakaa mbili mbili. Mkinuia kukaa mji mmoja siku nne kamili, mbali na ya kufika na ya kuondoka, mtaswali kamili.

Wallahu a'lam.