Aliyechaguliwa na wananchi akakataliwa na wabunge wenzake

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima wa korosho wilayani Newala. Msimu huu, tukiwa tumekaa juu ya magunia kwenye ghala la chama chetu cha msingi tukisubiri zamu ya mizani, kijana mmoja alitusomea kwenye simu yake kwamba huko Marekani aliwahi kutokea mbunge wa jimbo aliyeshinda uchaguzi kihalali, kisha wabunge wenzake wakamzuia asiape kwa sababu ya maneno aliyoyasema juu ya vita. Karani wa mizani akasema huo ni uzushi, kwa kuwa aliyechaguliwa na watu huondolewa na watu haohao. Mzee mmoja akamjibu kwamba bunge ni kama nyumba, na wenye nyumba wana haki ya kumkataa mgeni. Tulibishana mpaka zamu yangu ikapita. Naomba kujua: je, habari hiyo ni ya kweli? Mtu huyo aliishia wapi? Na je, jambo hilo lingewezekana kwetu?
Msomaji wenu, Newala, Mtwara

JIBU: Ndugu msomaji, habari hiyo ni ya kweli, na kijana wenu aliisoma sawasawa. Mtu mwenyewe ni Julian Bond, na jimbo ni Georgia, kusini mwa Marekani.

Kwanza tuelewane juu ya neno jimbo, maana huenda ndilo lililowavuruga pale ghalani. Sisi tukisema jimbo tunakusudia eneo linalomchagua mbunge mmoja, kama Newala Mjini. Jimbo la Marekani ni kama nchi ndani ya nchi: lina gavana wake, mahakama zake, na bunge lake linalotunga sheria za shule, barabara, polisi na kodi za hapo. Majimbo hayo yako 50, na yote isipokuwa Nebraska yana bunge lenye mabaraza mawili. Wazee wetu wa Mtwara na Lindi wanaoikumbuka enzi ya Jimbo la Kusini wasilifananishe nalo, kwa sababu lile lilikuwa eneo la utawala tu na halikuwa na bunge lake.

Bond alizaliwa Januari 1940 katika mji wa Nashville. Baba yake, Horace Mann Bond, alikuwa Mweusi wa kwanza kukiongoza Chuo Kikuu cha Lincoln, Pennsylvania, chuo kilekile alichosoma Kwame Nkrumah. Mwaka 1961 kijana huyo aliacha masomo yake katika Chuo cha Morehouse, Atlanta, akaenda kushughulikia habari na mawasiliano katika SNCC, kamati ya wanafunzi waliopigania haki za Weusi bila kutumia nguvu. Mwaka 1965, baada ya kesi za mahakamani kulazimisha maeneo ya uchaguzi ya Georgia yagawanywe upya, alichaguliwa kuingia katika Baraza la Wawakilishi la jimbo hilo akiwa na umri wa miaka 25.

Kiapo kilipangwa tarehe 10 Januari 1966. Siku nne kabla yake, SNCC ilitoa tamko la kupinga vita vya Vietnam na kuwaunga mkono vijana waliokataa kuandikishwa jeshini. Bond hakuliandika tamko hilo, lakini mwandishi wa redio alipompigia simu kumuuliza kama analikubali, alijibu kwamba analikubali. Jibu hilo la simu ndilo lililomfungia mlango. Wabunge walidai kuwa mtu mwenye maoni hayo hawezi kuapa kwa moyo wa kweli kuitii Katiba ya Marekani na ya Georgia, wakamwita mbele ya kamati wamhoji. Bond alisema kuwa anastahi ujasiri wa wale waliochoma kadi zao za kuandikishwa jeshini, kwa sababu walitenda hivyo wakijua adhabu inayowangoja; lakini yeye hakumshauri mtu yeyote achome kadi, na kadi yake mwenyewe alikuwa nayo mfukoni, wakitaka aitoe waione. Yuko tayari kuapa na kadi anayo, ila walitaka kuupima moyo wake. Kura zilipopigwa, wabunge 184 walitaka azuiwe na 12 tu walitaka aachwe akae.

Yule mzee wa ghalani ana hoja ya kusikilizwa, kwa kuwa kila bunge lina mamlaka ya kuhakikisha kuwa anayeingia ametimiza masharti ya umri, ukazi na kiapo. Lakini tuuchukue mfano wa chama chenu cha msingi. Wanachama wakimchagua mjumbe wa bodi anayetimiza masharti yote, kisha wajumbe wenzake wakamzuia mlangoni kwa kuwa hawapendi maneno aliyoyasema juu ya bei ya korosho, aliyedhulumiwa ni nani? Ni mjumbe, na zaidi yake ni wakulima waliomtuma, ambao sasa hawana mtu mezani. Ndiyo maana Bond hakwenda mahakamani peke yake. Alifungua kesi pamoja na wapiga kura wa eneo lake, na mmoja wao alikuwa Martin Luther King.

Walishindwa mara ya kwanza, majaji wawili dhidi ya mmoja, wakakata rufaa. Wakati rufaa ikisubiri, kiti kilitangazwa kuwa wazi na uchaguzi mdogo ukafanyika Februari 1966. Watu wakamchagua Bond yuleyule. Akazuiwa tena. Uchaguzi wa Novemba ulipofika wakamchagua mara ya tatu, na mimi kila nikilisoma jambo hili ni wapiga kura hao ninaowastahi kuliko wote, kwa kuwa wangeweza kabisa kumtafuta mtu asiye na matatizo, nao hawakufanya hivyo.

Tarehe 5 Desemba 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu kwa kauli moja ya majaji wote. Ilisema kwamba bunge lina haki ya kumtaka mjumbe aape, lakini halina haki ya kukitumia kiapo kupima kama maoni yake yanawaridhisha walio wengi, na kwamba mjumbe aliyechaguliwa anahitaji uhuru mpana wa kusema juu ya mambo ya nchi ili waliomchagua wajue anasimamia nini. Januari 1967 Bond aliapa.

Juu ya kwetu, jibu ni fupi. Ibara ya 68 ya Katiba ya Tanzania inamtaka kila mbunge aapishwe kabla ya kuanza kushiriki shughuli za Bunge, na ibara ya 83 inasema kuwa suala la kama mtu amechaguliwa kihalali kuwa mbunge hufunguliwa na kusikilizwa kwanza katika Mahakama Kuu. Kwa hiyo uamuzi huo hauko mikononi mwa wabunge wenzake. Ibara ya 100 inalinda uhuru wa mawazo na majadiliano ndani ya Bunge. Maneno kama yale ya Bond, yaliyosemwa kwenye simu kabla ya kuapishwa, yangetafutiwa kinga katika ibara ya 18, inayohusu uhuru wa maoni wa kila mtu.

Aliishia wapi? Agosti 1968, kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democratic mjini Chicago, jina lake lilitajwa kuwania umakamu wa rais, naye akajitoa kwa kuwa alikuwa na miaka 28 na katiba inataka 35. Alirudi Georgia kwenye kazi isiyopigiwa tarumbeta. Alikaa Baraza la Wawakilishi hadi 1975, kisha Seneti ya jimbo hadi 1987, miaka 20 kwa jumla. Katika Seneti alipigania ramani ya uchaguzi itakayowapa Weusi wa Atlanta nafasi ya kweli ya kumchagua mtu wao katika bunge la taifa. Mwaka 1986 akagombea kiti hicho cha Atlanta, na aliyesimama dhidi yake ni John Lewis, rafiki yake wa siku za SNCC. Bond aliongoza duru ya kwanza bila kufikia nusu ya kura, na katika duru ya pili Lewis akamshinda kwa tofauti ndogo. Urafiki wao uliumia sana katika kampeni hizo.

Bond hakurudi tena bungeni. Alifundisha vyuo vikuu, akawa mwenyekiti wa NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za Weusi, kuanzia 1998 hadi 2010, na akafariki Agosti 2015 akiwa na miaka 75. Kiti cha Atlanta Lewis alikikalia hadi naye alipofariki Julai 2020.