Kifaransa cha "keti" na "nyamaza"

Mwanangu wa kwanza alipofikisha miaka mitatu, mwalimu wake wa chekechea aliniita pembeni ya lango akaniambia kwa sauti ya kunionea huruma: "Mama, lugha zimemzidi huyu mtoto. Nyumbani museme Kifaransa tu." Asubuhi hiyo mtoto alikuwa ameomba maji darasani kwa lugha tatu kwa mpigo: "Madame, leta mayi, koko." Koko, kwa Mashi, ni asante. Kwa bahati mbaya watoto wa hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, humwita bibi koko vilevile, na mwalimu akaona ameitwa mzee mbele ya darasa zima. (Hakuwa amefika hata miaka thelathini. Namwelewa.)

Nikaogopa, nikatii. Mimi ni Mshi wa Walungu, baba yao ni Mlega wa Mwenga. Tulijuana kwa Kiswahili, tukapendana kwa Kiswahili, na mpaka leo tunagombana kwa Kiswahili. Lakini kwa miezi saba nyumba yetu ya Kadutu ikawa Ufaransa ndogo. Mama yangu, ambaye tunakaa naye, nilimkataza kusema Mashi na mjukuu wake. Kifaransa hajui. Basi akawa anakaa barazani anachambua sombe kimya, na mtoto akipita anampapasa kichwa tu.

Sikuona mara moja tulichoharibu. Kifaransa changu si kibaya, nimekisomea na ninafanya nacho kazi. Ila jioni moja nilijisikiliza nikiwa jikoni: Viens. Assieds-toi. Mange. Touche pas. Tais-toi. Njoo, keti, kula, usiguse, nyamaza. Kilikuwa Kifaransa cha amri tupu. Sina utani wa Kifaransa. Sijui kumbembeleza mtoto kwa Kifaransa, hadithi za sungura zinanikatikia katikati kwa kukosa neno, na hata kumkaripia nakosa utamu wake. Mtoto aliyekuwa akipiga domo kuanzia maji ya bugali yanapotengwa hadi usingizi unapomkamata, sasa alijibu oui, akajibu non, akarudi kwenye simu kutazama katuni.

Na hizo katuni nilikuwa nimejidanganya kwamba zinanisaidia kazi. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya Seattle, Marekani. Watoto wa miezi 9, wa nyumba za Kiingereza, waliketi sakafuni na mtu aliyewasomea vitabu na kucheza nao kwa Kichina cha Mandarin, vipindi 12 tu. Wakaanza kutofautisha sauti za Kichina ambazo Kiingereza hakina. Kundi jingine liliwatazama watu walewale, kwa maneno yaleyale, kwenye televisheni. Halikupata kitu. Mtoto anataka mdomo ulio na macho juu yake, mtu anayesubiri zamu yake ya kujibu. Bibi anayechambua sombe anatosha kabisa, na nilikuwa nimemfunga mdomo.

Kilichonizindua hasa ni dinozore, yule mnyama mkubwa wa kale. Katika katuni hizo alimwona mmoja mdogo, akaja mbio: "Mama, kadinozore!" Wakatokea wengine wawili: "Tudinozore!" Nyumbani kwetu hakuna mtu aliyewahi kuzungumzia watoto wa dinozore. Alilichukua neno la Kifaransa mwenyewe, akalivika ka- ya udogo ya Kiswahili chetu, na wingi wake akaupata kwa tu- bila kubahatisha. Mwaka 1958 Jean Berko alifanya jambo la namna hiyo kwa makusudi: aliwaonyesha watoto wa Kiingereza mchoro wa kiumbe kama ndege, akakiita wug, neno alilolitunga mwenyewe, kisha akawauliza wakiwa wawili wanaitwaje. Watoto wakatoa wingi sahihi wa neno ambalo hawakuwahi kulisikia. Maana yake hawakariri maneno kama kasuku, wanachimbua kanuni. Sasa aliyechanganyikiwa atazijuaje kanuni za lugha moja na kuzitumia kwenye neno la lugha nyingine?

Tangu hapo nikaanza kumchunguza vizuri. Kwa koko yake alikuwa anageukia Mashi kabla hajafika barazani. Kwa jirani, Kiswahili. Alichanganya pale tu alipokosa neno, kama mimi ninavyofanya kila siku ofisini bila mtu kuniita pembeni. Na maneno yalimkosa kwa sababu ya wazi: vyombo vya jikoni alivijua kwa Kiswahili, wanyama wa katuni kwa Kifaransa, viungo vya mwili kwa Mashi, kwa kuwa koko ndiye aliyemwogesha. Ukimpima kwa lugha moja utamwona maskini. Utafiti wa Barbara Pearson na wenzake huko Miami, 1993, uliwahesabia watoto wa Kiingereza na Kihispania maneno ya lugha zote mbili kwa pamoja, na pengo na watoto wa lugha moja halikuonekana. Kwa hiyo ukihesabu, hesabu kikapu kizima.

Lakini hapa nataka tusielewane vibaya. Lugha nyingi hazimfanyi mtoto awe bubu, na kwa sababu hiyohiyo zisitumiwe kama kisingizio. Mtoto aliyefika mwaka mmoja bila kubwabwaja, au miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili katika lugha yoyote, mpeleke akapimwe, na muanze na masikio. Usikubali kuambiwa "ni lugha tu, zitapangika."

Je, lugha nyingi zinaongeza akili? Watu wananiuliza hili kuliko yote, na wengi wanataka niseme ndiyo. Zamani wataalamu walisema zinadumaza. Mwaka 1962 Elizabeth Peal na Wallace Lambert wakawapima watoto wa Montréal, wakakuta wenye lugha mbili wanawapita wenzao. Baadaye Ellen Bialystok, huko Kanada, akaonyesha kwamba waliozoea lugha mbili wanapuuza haraka zaidi mambo yanayowapotosha, na kwamba wazee wa lugha mbili dalili za kupoteza kumbukumbu ziliwachelewa kwa miaka kama minne. Ikasikika vizuri. Kisha wengine wakarudia majaribio wasione tofauti. Mwaka 2019 ulitoka utafiti wa watoto zaidi ya 4,500 wa Marekani, wa miaka 9 na 10, na faida hiyo haikujitokeza. Kwa hiyo mimi simfundishi mtoto Mashi ili apate alama za hesabu. Namfundisha ili koko yake asife akiwa mgeni nyumbani mwangu.

Kifaransa je? Kilikuja chenyewe. Tuliondoa marufuku, mama yangu akarudi kwenye hadithi zake, mimi na baba yao tukarudi Kiswahili, shule ikafanya kazi yake. Leo yuko la tatu primari na ananisahihisha mbele ya wageni: "Maman, c'est *la* chaise." Kama mwalimu bado anakubana, mkumbushe kwa adabu kwamba sheria ya elimu ya Februari 2014 inazitaja lugha za taifa na za mazingira kuwa lugha za kufundishia hapa nchini. Mimi nilipomkumbusha alicheka, akasema wazazi wenyewe ndio wanaodai Kifaransa. Alikuwa na haki.

Tuliposhindwa ni kwenye Kilega. Tulijaribu ule mtindo wa kila mzazi na lugha yake, ambao Jules Ronjat aliuandika mwaka 1913 kuhusu mwanawe aliyelelewa kwa Kifaransa na Kijerumani. Lakini baba yao anatoka alfajiri anarudi usiku, na Kilega kiliishia kwenye salamu. Nimejifariji kidogo kwa Annick De Houwer: katika familia karibu 1,900 alizozichunguza Ubelgiji, karibu robo ya watoto hawakuisema lugha ya pili ya nyumbani ingawa mzazi anaisema. Ikikosa watu wa kuisema nao, mtoto anaiweka kando. Hana ubaya, hana haja nayo.

Siku hizi kila Jumapili baada ya misa baba yao anampigia dada yake aliyeko Kamituga, anaweka simu kwa sauti ya juu mezani. Wakubwa hutoroka. Kitinda mimba, miaka minne, hubaki pale chini ya kiti chake. Jumapili iliyopita aliichomoa simu, akatamka sentensi moja ya Kilega, nzima, ambayo sijui aliipata lini. Shangazi yake akapiga kelele ya furaha, akaanza kumjibu bila kupumua, mpaka salio likaisha. Mtoto akabaki ameishikilia simu sikioni, anangoja.