Sayari ngeni ianzie kwenye hewa yake

Mkuu mleta mada, umeeleza kwamba sayari ya hadithi yako ina majua matatu na miti ya zambarau, lakini waliokusomea wanasema bado wanajiona wako Dar. Nilishapita hapo.

Hadithi yangu ya kwanza niliiweka kwenye sayari ya Mirihi (Mars), na dhoruba yake ilikuwa inang'oa antena na kumbeba mtu mzimamzima. Mimi ni wa Bahi, Dodoma, upepo wa Agosti naujua: unafunga dirisha, unasokomeza kanga chini ya mlango, na usiku bado mchanga unasagika menoni ukila ugali. Shemeji yangu, mwalimu wa fizikia, akaisoma. "Shemeji, mgandamizo wa hewa ya kule haufiki hata asilimia 1 ya huu wetu. Upepo wa kilomita 100 kwa saa utakupapasa tu."

Iliniuma, maana hadithi nzima iliegemea dhoruba ile. Lakini nilipoiandika upya nikakuta ukweli unatisha zaidi. Vumbi la Mirihi ni laini mno, hupeperuka hata kwenye hewa hiyo nyepesi, na mara nyingine huifunika sayari nzima kwa wiki kadhaa. Mwaka 2018 roboti Opportunity, iliyotegemea umeme wa jua, ilinyamaza katika dhoruba ya namna hiyo na haikuamka tena. Basi mhusika wangu habebwi na upepo. Amekaa, hakuna kinachotikisika, mchana unageuka giza, na chaji inashuka.

Halafu machweo. Kwetu vumbi likitanda jua huzama jekundu kama kaa la moto. Kule vumbi hilohilo ndilo linalofanya mwanga unaolizunguka jua uwe wa buluu. Sentensi hiyo moja iliwatoa wasomaji wangu Bahi kuliko miti yote niliyowahi kuipaka rangi.

Au tazama Titan, mwezi wa sayari ya Zohali: hewa nzito kuliko yetu, nguvu ya kuvuta vitu chini kama sehemu moja ya saba ya ile yetu. Mvua yake ni ya methani na hushuka taratibu, si kama ya Desemba inayotwanga bati. Mtu anaweza kulitazama tone likimjia.

Sasa hayo majua yako matatu: usiku upo? Kama haupo, watu wanalala saa ngapi, na mbuzi wanarudishwa zizini kwa alama gani? Jibu hilo kwanza, miti isubiri.