Brekshuu mpya, breki ya nyuma ya pikipiki bado haishiki
Kaka, brekshuu ni mpya na pedali bado inazama, basi usikimbilie kukaza nati ya fimbo, ile inayounganisha pedali na breki ya tairi. Kanyaga breki hadi mwisho, uangalie pembe kati ya fimbo na mkono wa kemu (kemu ndiyo inayozunguka na kutanua brekshuu). Ikipita nyuzi 90 nguvu inapotea, na kemu ikipinduka inaweza kufunga tairi ukiwa barabarani. Fungua tairi. Brekshuu zinazong'aa kama kioo zipige msasa. Zikilowa oili au grisi, tupa, petroli haiziokoi. Pitisha kucha ukingoni mwa dramu, lile bakuli la chuma ambalo brekshuu hubana kwa ndani: ukikuta kijingazi, dramu imelika, na kipimo cha mwisho cha kulika mara nyingi kimechorwa humo ndani. Ukirudisha tairi, kanyaga breki ndipo ukaze nati ya ekseli, brekshuu zikae katikati. Tafadhali usipakie abiria kabla hujaijaribu.