Maswali ya Wasomaji: Kelele za Barabara Ndani ya Vani Kuukuu ya Kulala

Vani yetu ya kulala ina zaidi ya miaka 30. Tukifika kilomita 80 kwa saa, mimi na mwenzangu hatusikilizani mpaka tupaze sauti. Nimeshauriwa nibandike mikeka ya kuzuia sauti gari zima. Nianzie wapi?

Usinunue mkeka hata mmoja kwa sasa. Tafuta kwanza kelele inatoka wapi, maana vani kuukuu nyingi zinazolalamikiwa zina ubovu unaotaka fundi.

Tafuta barabara tupu iliyonyooka. Ukiwa kwenye kilomita 80, kandamiza klachi na uachie mafuta, injini irudi silensa (izunguke polepole), lakini usiizime: breki na usukani vinaitegemea. Mvumo ukishuka papo hapo, kelele ni ya injini au ekzosi. Ukibaki vilevile na kupungua kadiri mwendo unavyopungua, ni matairi, beringi au upepo.

Kwa tairi, simamisha gari na upitishe kiganja juu ya kashata zake, mbele kisha nyuma. Upande mmoja ukiteleza na mwingine ukikwaruza kama meno ya msumeno, tairi limelika vibaya, na kila jino linapiga lami. Hapo pima mpangilio wa magurudumu na uangalie shokapu kabla ya kuvalisha matairi mapya, la sivyo yatalika hivyohivyo. Beringi nayo hujisema kwenye kona: mvumo ukizidi gari linapopinda kulia, shuku gurudumu la kushoto, kwa kuwa ndilo linaloelemewa na uzito. Hilo usilicheleweshe, beringi iliyokufa inaweza kung'oa gurudumu.

Upepo unajulikana kwa tepu ya karatasi ya wapaka rangi. Ziba kwa nje mshono wa dirisha moja au ukingo wa mlango wa abiria, endesha, sikiliza. Mluzi ukikatika, umepata tundu. Usipokatika, bandua tepu uhamie mshono unaofuata. Keria tupu juu ya paa nayo huimba sana. Ishushe siku ya jaribio.

Andika vipimo. Programu ya simu ya kupima desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) haitakupa namba sahihi kabisa, ila kwa kulinganisha inatosha, mradi simu ikae mahali palepale, barabara iwe ileile na mwendo uleule. Pima mara tatu. Desibeli 3 zikipungua utazihisi kwa shida. Zikipungua 10, sikio huona kelele imebaki nusu.

Mlango wa kusukuma wa pembeni unavuma hata baada ya kufunga kapeti. Raba inaonekana nzima. Je, ni lazima niibadilishe?

Raba kuonekana nzima hakutoshi, inatakiwa ikandamizwe. Chukua kipande cha karatasi cha upana wa vidole viwili, kibane mlangoni, kisha kivute. Kikitoka bila kushikwa, hapo raba haigusi. Rudia kila sentimita 20 kuzunguka mlango wote na utie alama ya chaki panapolegea. Kwa kawaida utakuta pembe za juu nyuma, kwa sababu mlango mzito umeshuka kwenye reli yake na roda zimelika. Katika hali hiyo badili roda na urekebishe komeo kwanza. Raba mpya ikiwekwa kwenye mlango ulioshuka hubanwa chini na kubaki wazi juu.

Ukinunua raba, chukua yenye uwazi katikati na unene ulingane na ile ya zamani. Iliyo nene kupita kiasi hufanya mlango ukatae kufunga, na mtu akiupiga kwa nguvu kila siku atavunja komeo. Ilainishe kwa silikoni, usitumie grisi ya kawaida wala mafuta ya injini, maana raba huvimba na kulegea.

Tundu dogo lisidharauliwe. Ukuta uwe mzito namna gani, ukiwa na uwazi wa asilimia 1 tu ya eneo lake hauwezi kukata zaidi ya desibeli 20 hivi. Kwa hiyo kagua pia mashimo ambamo nyaya na kebo hupita kwenye bati linalotenganisha injini na miguu ya dereva. Raba zake zikikauka hupasuka na kuanguka, na shimo la ukubwa wa sarafu huingiza sauti ya injini pamoja na moshi.

Nimebandika mikeka ya butili (raba nzito inayonata) sakafu nzima, safu mbili. Bati halilii tena, lakini mvumo wa lami umepungua kidogo sana. Nimekosea wapi?

Umetumia dawa ya ugonjwa mmoja kutibu mwingine. Mkeka wa butili wenye uso wa alumini hutuliza bati linalotetemeka. Kazi yake inaisha hapo. Ukigonga bati kwa kifundo cha kidole na likatoa mlio mfupi mzito badala ya kulia kama debe, limeshatosha. Kufunika robo hadi nusu ya kila bati, katikati yake, huleta karibu faida yote. Safu ya pili imekuongezea uzito tu.

Kelele inayopita hewani huzuiwa na kitu kizito, kinachonyumbulika, kisicho na tundu. Usibandue ulichoweka. Juu ya butili tandaza sponji isiyonyonya maji, unene wa milimita 6, na juu yake vinili (plastiki inayonyumbulika) nzito ya kilo 5 kwa mita ya mraba. Maungio ya vinili yakutane na kuzibwa kwa tepu, kisha kapeti. Usipigilie skrubu kupitia tabaka zote hadi kwenye bati: kila skrubu ni daraja la kupitisha mtetemo.

Anza na matao ya magurudumu, ndiyo yaliyo karibu kabisa na tairi, kisha sakafu ya mbele. Kwa mita 4 za mraba vinili peke yake ni kilo 20. Pima gari likiwa na maji, gesi na abiria kabla ya kuendelea, vani nyingi za kulala ziko karibu na kikomo chake cha uzito.

Kwa sehemu ambazo bado hujabandika: kwangua kutu, futa kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe, fanya kazi kwenye joto la nyuzi 20 au zaidi, kisha kandamiza kwa rola mpaka michoro ya alumini ilale bapa. Gundi isipokandamizwa huacha hewa chini, maji hujikusanya humo na bati huoza bila kuonekana. Mashimo ya kutolea maji chini ya milango yaachwe wazi. Usitumie tepu ya lami ya mapaa kuokoa fedha. Juani hulainika, hunuka na kuteleza. Kwenye kifuniko cha injini tumia vifaa vinavyostahimili joto pekee, na visikaribie ekzosi.

Je, naweza kupulizia povu la kopo ndani ya nguzo na kuta?

Hapana. Ni jepesi mno kuzuia sauti, huziba njia za maji na hushikilia unyevu kwenye bati.

Sakafuni karibu na jiko kuna tundu linaloingiza kelele nyingi. Nilizibe?

Usilizibe kamwe. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka sakafuni, na tundu hilo ndilo mlango wake wa kutokea. Hivyohivyo kwa matundu ya hewa ya juu, yanayokuokoa na moshi wenye sumu wa jiko. Unachoweza kufanya ni kuweka chini ya gari kikingio cha bati kilichoachana na tundu kwa sentimita chache, kielekee nyuma, bila kupunguza uwazi wake.

Nyuma kuna vyombo na milango ya kabati inayogongana. Inachosha kuliko injini.

Mpe mtu mwingine usukani, wewe ukae nyuma umefunga mkanda. Sikiliza huku ukishika mlango wa kabati mmoja baada ya mwingine: sauti ikikoma mkononi mwako, huo ndio. Gundisha kitambaa kizito cha sufu cha milimita 3 pale mlango unapokutana na fremu. Vyuma vya jiko vifunge kwa taulo kila unaposafiri, na kati ya sahani na sahani tia kipande cha mkeka wa raba usioteleza. Pazia zito kutoka darini hadi sakafuni, nyuma ya viti vya mbele, litanyonya sehemu ya kinachobaki.