Kaka anataka "aniuzie" nyumba kabla ya hukumu

"Shangazi, shikamoo. Kaka anadaiwa milioni 38 na tajiri wa mahindi wa Kibaigwa, kesi iko mahakamani. Anataka tuandikishane kuwa ameniuzia nyumba yake hapa Dodoma kwa milioni 5, tarehe iwe ya mwaka jana, na yeye aendelee kukaa humo. Ndiye aliyenisomesha. Nifanyeje?"

Marahaba, mwanangu. Usisaini.

Tazama karatasi yenyewe: muuzaji na mnunuzi ni ndugu wa tumbo moja, bei ni ya kutupa, hakuna shilingi iliyopita benki, na "aliyeuza" bado anakaa humo humo. Wakili wa tajiri atakosa nini hapo? Ujanja huu ni wa kale. Mwaka 1601 huko Uingereza, mdaiwa aitwaye Pierce alimwandikia Twyne mali zake zote kwa siri, kisha akaendelea kuwakata kondoo manyoya na kuwatia alama kama wake. Mahakama ikasema ni ulaghai, ingawa Twyne alikuwa anamdai kweli. Wewe hata hilo la kudai huna.

Sheria yetu ya Ardhi ya 1999 nayo inamruhusu mdai kuomba uhamisho wa aina hiyo utenguliwe. Anayelindwa ni mnunuzi aliyelipa bei ya haki bila kujua kitu. Wewe unajua kila kitu, na umeniandikia! Kurudisha tarehe nyuma ndiko kubaya zaidi: huko ni kughushi, ni jinai, na mhuri wa mwenyekiti wa mtaa hausafishi.

Halafu, mbona wifi hatajwi? Kama ndiyo nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa yake.

Mwambie kaka auze kweli, kwa bei ya soko, tajiri alipwe, kinachobaki kiwe chake. Akingoja dalali wa mahakama, mnada hautamwonea huruma. Kama hataki kuuza, nendeni na mjomba kwa huyo tajiri mkiwa na chochote mkononi, mkubaliane awamu, na makubaliano hayo yaandikwe na kusajiliwa kwenye kesi ileile. Ukiwa na akiba, changia hapo. Hiyo ndiyo ada ya shule unayoweza kumrudishia. Atanuna, tena sana. Mpelekee ujumbe huo kupitia mama, na akikuita kwa wakili "mara moja tu", usiende peke yako.