Mtoto aliyeruka chanjo haanzi upya: yaliyonikuta na mwanangu njiti

Mama mwenzangu, nimesoma swali lako mara mbili. Mwanao ana miezi 15. Alichanjwa alipozaliwa na akiwa na wiki sita, kisha mkahamia kijijini kwa bibi yake. Ulipompeleka kliniki ya huko mkarudishwa kwa sababu ana mafua, na tangu hapo umeona aibu kurudi. Jirani anakwambia zile za mwanzo zimeshapotea bure, itabidi aanze moja. Shangazi anasema aachwe tu, ameshakua. Wote wawili wamekosea. Mwanao anaendelea pale alipoishia, na ningekuwa wewe ningempeleka wiki hii hii.

Mimi si nesi. Ni mama wa watoto watatu hapa Tanzania, na haya niliyajua kwa kuumia.

Wangu wa pili alizaliwa 2018, njiti wa kilo 1.6. BCG, ile sindano ya kifua kikuu ya begani, ilisogezwa mbele hadi aongezeke uzito. Mimi nikadhani basi na nyingine zote zinasogezwa, kwamba wiki zake sita nizihesabu kuanzia tarehe aliyotakiwa kuzaliwa. Kumbe njiti huhesabiwa tangu siku aliyozaliwa. Nilipompeleka kwa chanjo za wiki sita alikuwa ameshafika miezi mitatu. Nesi mmoja mtu mzima akaichukua kadi, akaisoma, akaniambia, "Mama, huyu hajapoteza kitu, ila usimcheleweshe tena." Alipata Penta (sindano moja inayokinga magonjwa matano), sindano ya nimonia, matone ya polio na ya rota, kirusi kinachoharisha watoto, siku hiyohiyo, na akanipangia tarehe wiki nne mbele.

Hizo wiki nne ndizo za kushika. Kati ya Penta moja na nyingine lazima zipite angalau wiki nne, maana ukiharakisha mwili haujapata muda wa kuitikia vizuri. Lakini ukichelewa, hata mwaka mzima, dozi ya kwanza bado inahesabiwa. Mwili ulishaijifunza, na dozi inayofuata inauamsha. Kwa hiyo mwanao hapewi Penta ya kwanza tena, anapewa ya pili, na baada ya wiki nne anapewa ya tatu. Matone ya polio ni vivyo hivyo, pamoja na sindano ya polio ambayo hapa kwetu iliingia 2018 na hutolewa wiki ya 14. Surua-rubella ya kwanza, yaani sindano moja ya surua na ya rubella, ugonjwa mwingine wa vipele, ambayo alitakiwa aipate akiwa na miezi tisa, apewe siku hiyohiyo utakayofika. Ya pili ataipata kwenye miezi 18 kama wenzake, maana hadi wakati huo wiki nne zitakuwa zimepita.

Chanjo ya nimonia inahesabiwa tofauti kidogo, kwa kuwa mtoto aliyevuka mwaka huhitaji dozi chache kuliko mchanga. Usishangae nesi akikwambia inabaki moja tu. Rota ndiyo yenye ukomo wa umri. Shirika la Afya Duniani linasema isitolewe baada ya miezi 24, kwa sababu kuharisha kwa rota huua zaidi watoto wadogo kuliko hao. Mwanao bado yumo ndani, muulize nesi. Mwanangu wa kwanza, wa 2011, hakuzipata kabisa rota na nimonia, kwa sababu hapa nchini zilianza 2013. Nakumbuka alivyoharisha akiwa na miezi minane hadi macho yakaingia ndani, na usiku ule sikulala.

Sindano tatu au nne na matone kwa siku moja zitakutia huruma. Shikilia moyo. Hazizidi uwezo wa mtoto, na ukizigawa siku tofauti unampa majuma zaidi ya kukaa bila kinga. Penta huenda ikamletea homa usiku na paja likauma, mnyonyeshe au mpe maji mara kwa mara, na dawa ya homa umpe kwa kipimo watakachokwambia kulingana na uzito wake.

Sasa hilo la mafua, ndilo lililonifanya niandike kirefu.

Wa pili alipofika miezi tisa nilimpeleka kwa ajili ya surua. Alikuwa anakohoa kidogo, hana homa. Nikaambiwa nirudi akipona. Nikarudi baada ya wiki mbili. Siku hiyo tulikuwa kina mama wanne, tukaambiwa kichupa hakifunguliwi hadi watoto wafike kumi, njooni Alhamisi. Alhamisi nilikuwa msibani. Mwezi uliofuata mume wangu akahamishwa kazi, tukafunga mizigo. Mtoto ana miezi 13, surua ikaingia mtaani tulikohamia.

Ilianza kama mafua ya kawaida, kisha macho mekundu, homa kali, na siku ya nne vipele nyuma ya masikio vikashuka usoni hadi tumboni. Ikaingia nimonia. Tulilazwa siku sita. Walimpa vitamini A siku mbili mfululizo ili kulinda macho yake. Sikio lilitoa usaha miezi miwili. Leo anasoma vizuri na anasikia, namshukuru Mungu, lakini kitanda cha pili kutoka kwetu palikuwa na mama aliyeondoka bila mtoto wake.

Baadaye niliuliza sana hadi nikaelewa. Kikohozi, mafua, kuharisha kidogo, homa ndogo, kuwa kwenye dozi ya antibiotiki, kuwa njiti, kuwa na uzito mdogo, ukiacha ile BCG ya mchanga mdogo sana niliyoitaja, hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachozuia chanjo. Mtoto mwenye utapiamlo ndiye anayetakiwa kuwahishwa, kwa kuwa surua ikimkuta humuua upesi. Anayeahirishwa ni mtoto anayeumwa kweli, mwenye homa kali au wa kulazwa, na huyo achanjwe mara hali inapotulia, pengine kabla hata ya kuruhusiwa kwenda nyumbani.

Kuhusu kichupa, chanjo ya surua huja kama unga unaochanganywa na maji yake. Ikishachanganywa hukaa saa sita tu, kisha inamwagwa. Kwetu kichupa kilikuwa cha dozi kumi, nesi akimfungulia mtoto mmoja dozi tisa zinaweza kumwagwa, na mwisho wa mwezi anaulizwa zimekwenda wapi. Naelewa mzigo wake. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uko wazi kwamba kichupa cha surua kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja aliyefika, maana akirudishwa huenda asirudi. Mimi sikurudi. Ukiambiwa msubiri watimie, omba kwa heshima umwone mkuu wa kituo, mweleze kwamba mtoto ana miezi 15 na hajawahi kupata hata dozi moja ya surua. Wakishindwa kabisa, usiondoke bila tarehe iliyoandikwa kwenye kadi na namba ya simu ya kuulizia.

Umeuliza pia kwa nini surua zipatwe mbili. Mtoto huzaliwa na kinga aliyopewa na mama yake, na ikiwa bado ipo, inaizima chanjo. Kwenye miezi tisa karibu watoto 85 kati ya 100 ndio hukingika, ukingoja mwaka wanafika kama 95, lakini huku kwetu kungoja ni hatari. Ya pili inawaokota wale ambao ya kwanza haikuwashika. Na mtoto aliyekwisha kuugua surua bado anachanjwa, wangu alichanjwa, kwa sababu sindano hiyo inakinga na rubella pia.

Yapo mambo machache yanayozuia kweli, na haya uyaseme mwenyewe hata kama hujaulizwa. Kama dozi iliyopita ilimletea mzio mkali, yaani kuvimba midomo, kupumua kwa shida au kuzirai ndani ya muda mfupi, asirudiwe chanjo hiyo kabla daktari hajamwona. Kama baada ya Penta alipoteza fahamu au alipata degedege isiyokoma ndani ya siku saba, vilevile aonwe na daktari kwanza. Degedege ya homa ya kawaida, au iliyompata kaka yake, haizuii. Mtoto aliyewahi kujikunja utumbo, yaani sehemu moja ya utumbo kujiingiza ndani ya nyingine, asipewe rota. Mtoto mwenye VVU ambaye bado hajatulia kwenye dawa, au mwenye ugonjwa mwingine uliovunja kinga ya mwili, BCG na surua-rubella ziamuliwe na daktari. Na mchanga ambaye mama yake ana TB ya mapafu huanzishiwa dawa ya kinga kwanza, BCG inafuata baadaye.

Umetaja kwamba bega lake halina kovu la BCG. Kama kadi inaonyesha alichomwa, Shirika la Afya Duniani halitaki arudiwe. Kovu hukosekana kwa baadhi ya watoto.

Kadi usiiache. Ikiwa imepotea, piga simu kliniki ya kwanza wakusomee rejista, na ukiipata nyingine ipige picha kila ukurasa. Pasipo ushahidi wowote watamhesabu kama hajachanjwa, na kurudia Penta au polio hakutamdhuru.

Ukifika dirishani sema tu, "Alichelewa, nimekuja aendelee." Akikusema mtu vibaya, kaa hapohapo kwenye benchi, umekuja kwa ajili ya mtoto. Baada ya sindano subiri nusu saa pale pale kabla ya kupanda bodaboda. Kisha urudi hapa utuandikie tarehe aliyokupangia kwa Penta ya tatu, nami nitakukumbusha siku mbili kabla.